Kilima Walichogawana Mbele Yetu

Asubuhi ile tulikuwa tukipura maharage uani, mama, mimi na kaka yangu Bahati. Baba alikuwa zizini, anamkamua yule ng'ombe mweupe mwenye matata. Jua lilikuwa kali, na mama alilalamika kwamba Bahati anapiga maharage kama anaua nyoka. Kilima chetu, huko Kivu, kilianzia mlangoni mwetu kikashuka hadi mtoni. Babu ndiye aliyekata msitu wake.

Milio ya risasi kutoka mbali tulishaizoea. Wiki ile ilinyamaza, tukadhani ni amani. Kumbe upande mmoja ulikuwa umeshinda.

Walifika asubuhi ile ile. Kamanda alitangulia, nyuma yake wadogo zake wawili, na mama yao mzee akiwa amebebwa kwenye machela. Wapiganaji wakauzunguka ua.



Kamanda alisimama na buti zake juu ya maharage yetu, akaanza kuonyesha kwa fimbo. Kuanzia hapa hadi mtoni, ya mdogo wake wa kwanza. Malisho ya juu, ya wa pili. Nyumba yetu, ya mama yake, kwa sababu haiingizi baridi.

Baba akatoka zizini na ndoo mkononi.

"Afande, udongo hii ni ya baba yangu."

"Ilikuwa."

Baba hakusogea.

Mpiganaji mmoja akampiga kifuani kwa kitako cha bunduki. Baba akaanguka, akainuka. Akapigwa tena.

Hakuinuka.

Bahati alitaka kuwarukia. Mama alimng'ang'ania miguu. Kamanda akatuambia, kwa upole kabisa, kwamba yeye si mtu mbaya: tunaweza kubaki tukalima, ila nusu ya mavuno ni ya mama yake.

Jioni tulimzika baba. Mimi na mama tukavuka mpaka kuingia Uganda. Bahati alikataa kutoka.

"Nani atabaki na baba?" alisema.

Mama alifia kambini. Mimi nililetwa Sydney, Australia, naishi mtaa wa Bankstown, kazi yangu ni kuogesha na kulisha wazee wa watu.

Mwezi uliopita binti yangu Neema alirudi na kazi ya historia. Ilimhusu bwana mkubwa mmoja wa Kinormani aliyevuka bahari kutoka Ufaransa pamoja na mtawala wake, wakaiteka Uingereza, naye akazawadiwa mashamba na vijiji. Neema alikuwa amechora ukoo mzima: mke, wana, nani alirithi nini, binti yupi aliolewa akapewa bonde lipi. Chini alichora ngome, akaipaka rangi vizuri sana.

"Na wenyewe wa mashamba?" nikamwuliza.

Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba walibaki hapo hapo wakilima, ila sasa walimlimia yule bwana.

"Waliitwa nani?"

Akasema hawamo kitabuni. Halafu akaongeza, "Mum, hiyo ni zamani sana."

Nikamwambia aitoe hiyo ngome mezani pangu. Sauti yangu ilimtisha, na sikuomba radhi. Nilikuwa sijawahi kumweleza babu yake alikufaje. Nikamweleza yote pale pale. Alilia yeye. Mimi sikulia.

Kanisani wananiambia nisamehe. Huwa nawajibu kwamba kwanza waniletee udongo wetu, halafu tutaongea. Nina chuki, na sioni sababu ya kuificha.

Kamanda alikufa kwa ugonjwa, kitandani, ndani ya nyumba yetu, watoto wake wamemzunguka. Kilima sasa ni chao na serikali inawatambua. Wamejenga uzio, na kaburi la baba limebaki ndani. Bahati ana mvi siku hizi. Amekodi kipande kidogo ng'ambo ya mto. Akitaka kwenda kupalilia kaburi, anapiga hodi getini, anavua kofia, na kungoja mtoto wa Kamanda apende kumfungulia.

Siku nyingine hapendi.