Nguvu Aliyoiamsha Ghanim

Ghanim alikuwa fundi wa kompyuta za magari hapa Sharja, ukuta kwa ukuta na duka langu la tairi. Kila msimu wa baridi vijana walimletea magari yao wakashindane kupanda vilima vya mchanga kule Liwa. "Kiwanda kimeilaza nusu ya injini," alikuwa akiwaambia. "Wale Wajapani waoga. Mimi naiamsha."

Nilimwambia hadi nikachoka: "Ndugu yangu, injini imeachiwa akiba kwa ajili ya joto na petroli mbovu. Si woga huo." Akanicheka. "Wewe shughulika na tairi zako."

Januari aliliongezea nguvu gari la mpwa wake, Suhail. Lilipanda kilima kama mbuzi, kambi nzima ikapiga honi. Hakuna aliyekumbuka kulirudisha lilivyokuwa. Ndiyo kawaida yetu: gari tunalipima kwenye baridi, tunaliendesha kwenye tanuri la kiangazi.

Julai, saa saba mchana, Suhail alimpakia mama yake, yaani dada yake Ghanim, kutoka shambani Liwa akimuwahisha hospitali. Katikati ya jangwa pistoni ikayeyuka. Gari likazimika, kiyoyozi nacho kikazimika. Msaada ulipofika, mama alikuwa ameshakata roho.

Siku hizi Ghanim anarudisha magari kwenye nguvu ya kiwandani, basi. Juzi kijana mmoja alimkejeli, "Ami, nawe umekuwa mwoga kama Mjapani?"

Ghanim hakuinua kichwa. "Yule mwoga hakumuua dada yangu."