Tarumbeta la Zerihun

"Nikipuliza mimi, hata marehemu anajua kafa!" Zerihun alijigamba mbele ya mkutano mzima wa edir, chama cha kuzikana cha mtaa wao pale Dessie, na watu wakacheka hadi kahawa ikamwagika. Hakudanganya. Alfajiri alipita na tarumbeta akitaja jina la aliyefariki, na kabla hajafika kona ya pili wanawake walishajitanda shuka nyeupe, kilio kiko kooni.

Halafu Wubalem, binti wa jirani yake Asegedech muuza mkaa, akaanza kuvimba miguu. Kumbe ni moyo. Hospitali moja ya Addis Ababa ilikubali kumpasua bure, ila vipimo, nauli na malazi, jumla birr elfu sita, wajitegemee wenyewe. Zerihun akamwendea mwenyekiti wa edir.

"Mzee Tilahun, hela tunayo."

"Ya maiti. Huyo binti ni maiti?"

"Bado."

"Basi umekuja mapema, ndugu yangu."

Kesho yake alfajiri Zerihun akapuliza, akalitaja jina: Wubalem! Mtaa ukamwagika nje. Wanawake wakaingia uani kwa Asegedech wakijipiga vifua, wakamkuta binti kwenye kigoda anakunywa uji wa shayiri.

"Mama, nani kafa?" akauliza.

"Yu hai!" Zerihun akapaza sauti. "Kuzika huwa mnakuja na hela. Si mzitoe sasa hivi, zimfae?"

"Mwehu wewe! Unamtangazia mtoto wa watu kifo!"

"Na hiyo midomo ikuote jipu!"

Kiatu kikampata begani. Waliokwisha kushika pochi wakazirudisha kifuani. Rambirambi ya mtu anayekunywa uji nani aliwahi kuiona? Asegedech hakutukana. Alimvuta pembeni.

"Kaka Zerihun, wawili walikuwa wameniahidi mkopo. Ushamwita mwanangu na tarumbeta la wafu. Nani atamkopesha nauli mtu aliyekwisha kuitwa?"

Kweli, hawakuonekana tena. Zerihun akanyang'anywa tarumbeta, akauza redio na koti lake zito. Hela hazikufika hata nusu ya vipimo. Mvua kubwa hazijaisha, kijana mwingine akapita akipuliza ovyo ovyo, na jina lilikuwa lilelile.

Safari hii edir haikuhitaji kuombwa. Turubai, mabenchi, masufuria, mikate ya injera ya siku tatu. Mzee Tilahun alibeba nguzo ya turubai mwenyewe, akilia kweli kweli, huwezi hata kumchukia vizuri. Zerihun alitumwa kununua jeneza. Lilikuwa birr elfu sita.