Nilipomwamuru Bibi

Jana nilikuwa nikisafisha goti la mwanangu lililochubuka, harufu ya spiriti ikanipanda puani, nikashindwa kutulia. Nilikaa, nikasimama, nikaenda dirishani. Harufu ile hunirudisha kwenye zahanati moja kule Muleba, nikiwa darasa la tano, miguu yangu ikiutafuta mlango.

Bibi alikuwa akichuma kahawa, kijiti kikamchoma jichoni na ncha yake ikabaki humo. Mimi nilikuwa likizo, nimetoka shule ya Kiingereza ya Kahororo, na Bibi alikwisha kuwatangazia majirani kwamba mjukuu wake anaongea na Wazungu. Ukweli ni kwamba sikuwahi kuongea na hata mmoja. Daktari wa siku ile alikuwa mgeni, Kiswahili chake kikiishia kwenye "habari". Muuguzi aliyemtafsiria aliitwa mbio kwa mama aliyekuwa akijifungua. Nikabaki mimi.

Sasa, mwalimu wetu alitufundisha kwamba kumwambia mtu "Sit down" bila "please" ni kumswaga kama mbuzi. Na kwetu mtoto hamwamuru mkubwa, sembuse bibi yake. Kwa hiyo daktari aliposema, "Look up," mimi nilipiga goti nikasema kwa Kihaya, "Bibi, nakuomba, kama hutachoka, utazame juu kidogo." Daktari alinikodolea macho, akishangaa maneno yake mawili yamezaa ukoo mzima.

"Mwambie nimesikia," Bibi akajibu, "ila nataka kwenda nyumbani."

Daktari akasogeza kibano, Bibi akaanza kugeuza kichwa.

"Don't move!"

Nilitafuta maneno ya adabu, hayakuja. Kibano kilikwisha kufika jichoni.

"Bibi, tulia!" nilipaza sauti. "Usitikisike!"

Akaganda. Kijiti kikatoka.

Tulirudi nyumbani tumepakiwa kwenye pikipiki. Mchana kutwa nilizunguka migombani nikikwepa jikoni, nikingoja anishtaki kwa baba. Hatimaye aliniita, bandeji usoni, akanisogezea sahani ya ndizi na maharage.

"Mbona unahangaika kama kuku anayetaka kutaga?"

Nikamwomba radhi kwa kumfokea. Akacheka mpaka akashika bandeji.

"Pale ndipo niliposikia kuna mtu pamoja nami. Yale yako ya mwanzo, mwanangu, nilidhani unaogopa kuliko mimi."

Nilikula, lakini sikumwelewa. Niliona kama ananifariji tu.

Mpaka siku nilipokuwa nikijifungua. Mkunga alikuwa binti mdogo kwangu kwa miaka mingi. Alinibembeleza muda mrefu, "samahani mama, pole mama," nami hofu ikazidi kunipanda. Kisha ghafla akanikaripia, "Sukuma! Sasa hivi!"

Nikamshika mkono, nikasukuma, na sikutaka auondoe.