Bomba la Hewa Kwenye Pikapu ya Mujomba

Soko ya Baraka ilikimbia kwa sababu yangu. Mujomba alinituma nisafishe chujio ya hewa ya pikapu yake. Mi, injinia wa benchi ya nyuma, nikaitoa kabisa, nikafunga bomba pana la bati ili motere inyonye hewa baridi na kupata nguvu. Nguvu haikuja, ulikuja mungurumo kama wa lori la basoda, askari wa jeshi.

Mi na Mujomba tulipokaribia soko na ile pikapu, bamama walipiga kelele: "Basoda! Mukimbie!" Wakaacha samaki, wakaingia porini na batoto. Mi nikacheka.

Mujomba akafungua kifuniko cha motere. "Nani ameweka hii?"

Mama yangu, naye alikuwa sokoni, akatoka majanini, amekumbata mudogo wangu. "Nilimuziba mudomo asilie, karibu pumzi imuishe. Kumbe ni we?"