Timazi Akata Bima ya Nyumba

Fundi mwashi mmoja mtaa mzima ulimwita Timazi, jina la ile kamba yenye uzito ya kupimia unyoofu wa ukuta, maana ukuta uliopinda ulimkosesha usingizi. Nyumba yake aliijenga mwenyewe kwa miaka tisa, tofali kwa tofali. Alipokwenda na mkewe kuikatia bima, binti wa ofisini aliuliza kuijenga upya kungegharimu kiasi gani. Timazi akataja bei ya saruji, nondo, mbao na mabati, basi.

“Na ufundi, mzee?”

“Ufundi bure. Nitajenga mwenyewe.”

Binti akamweleza kwamba ada ya mwaka ingepungua kweli, lakini nyumba ikiungua angelipwa vifaa tu.

“Si ndivyo ninavyotaka?” Timazi akaja juu.

Mkewe akaangua kicheko. “Baba watoto, leo asubuhi nani kakufungia kamba za viatu?”

Timazi akajishika kiuno, kwa kuwa mgongo ulikuwa umemgomea tangu juzi. Akavitazama viatu vyake, akacheka mpaka machozi.

“Haya, binti, andika na ufundi. Ila weka fundi wa bei ghali. Hawa wa bei rahisi nawajua, nimewafundisha mimi.”