Siku Mlango wa Bi Harusi Uliposubiri Apdeti

Ukifika Kilosa ukasikia watu wanasimulia harusi iliyokwama kwa sababu ya gemu, usihangaike kumtafuta mhusika, ni mimi hapa, Jumanne, kinyozi wa Mikumi, na aibu yenyewe bado mbichi, kiasi kwamba ikinijia nikiwa katikati ya kichwa cha mteja inabidi nizime mashine kwanza, nijifunike uso kwa taulo, nicheke, ndipo niendelee kunyoa.

Mjue kwanza kwamba mimi ni mgonjwa wa gemu. Nina mashine kubwa ya kuchomeka kwenye televisheni, iko saluni, na mteja akisubiri zamu yake namkabidhi pedi tunacheza mpira (kuna watu wameondoka kwangu nusu kichwa kimenyolewa kwa sababu mechi ilinoga). Na tuna grupu letu kwenye simu, wapenda gemu wa Mikumi na Kilosa, na mwaka mzima humo ndani hatukuwa na habari nyingine isipokuwa mashine mpya ya gemu, ya kushika mkononi, iliyokuwa inakuja. Jamani, ile kitu tuliisifia! Huyu anasema ina nguvu kuliko mashine kubwa, yule anasema ukiichaji Mikumi unacheza mpaka Dar na kurudi, mwingine akaapa kabisa kwamba inaunganika na televisheni yoyote duniani, hata ile ya babu yake yenye mgongo, na mimi nikaongeza ya kwangu, kwamba mpira mpya uliotoka nayo unaona mpaka jasho la refa. Nilikuwa nimeliona wapi hilo jasho? Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameigusa.

Basi nikajinyima, nikaagiza, ikaja na basi kutoka Dar ikiwa imefungwa kwenye boksi kama yai, wiki ileile ya harusi ya rafiki yangu Shabani, ambaye nimesoma naye tangu darasa la kwanza na mimi ndiye nilikuwa mpambe wake. Niliiwasha, nikachezea vile vigemu vidogo vilivyokuja nayo, nikaridhika. Ila kadi ya ule mpira mpya, ile ya kuchomeka, sikuifungua. Nilisema hii naifungua mbele za watu, nailoni yake naichana wote wanaona, maana raha ya kitu kipya ni kushuhudiwa.

Na watu wa kushuhudia walikuwepo. Mnajua kwetu ndoa ikishafungwa bwana harusi haingii tu kwa bi harusi akamchukua, mashangazi na ndugu wa mke wanaziba mlango mpaka upande wa mume utoe chochote cha kuufungua. Sasa kaka yake bi harusi, anaitwa Idi, ni mtu wa grupu letu, ana banda la gemu pale Kilosa, naye alishaniambia mapema, "Shemeji, sisi hela ya mlango hatuitaki. Tunataka mechi. Mkitufunga, dada yetu huyo mchukueni. Mimi naleta televisheni, wewe leta mashine, yangu iko kwa fundi." Wazee waliposikia walicheka sana wakasema haya, vijana na mambo yenu, ilimradi msichelewe.

Asubuhi ya safari mashine kubwa nilikuwa nimeshaipakia kwenye begi, na nyaya zake na pedi zake mbili. Nikajitazama kwenye kioo, kanzu nyeupe imenyooka, kofia ya viua, makubazi mapya, halafu begani begi limevimba kama la fundi friji. Nikasema hapana. Nikaitoa mashine, nikailaza kitandani, nikatia ile ndogo kwenye mfuko wa kanzu, nikatoka natembea kwa maringo. Hapo ndipo nilipoharibu.

Tulifika Kilosa salama, ndoa ikafungwa vizuri, pilau tukala. Dereva wa Kosta yetu akaja kunong'ona, akanyoosha kidole kuelekea milimani ambako wingu lilikuwa jeusi, akasema, "Mpambe, mvua ile ikishuka kabla hatujavuka mto, hatuvuki tena leo. Fanyeni haraka." Na Mikumi mama yake Shabani alikuwa anatusubiri na mtaa mzima, vyakula vimepikwa, maturubai yamefungwa, sasa harusi isiyo na maharusi ni kitu gani? Nikamwambia dereva asijali, mechi moja tu, tunamaliza sasa hivi.

Mlangoni alisimama Shangazi Tatu, shangazi yake bi harusi, mama wa haja, kanga kiunoni, amejaza mlango kushoto na kulia. Nikamwamkia, "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu. Mechi iko wapi?" Idi alikuwa ameshaweka televisheni mezani chini ya turubai, bapa, kubwa, inang'aa. "Lete waya shemeji," akasema.

Nikatoa kile kidude mfukoni, nikakiinua juu, watu wakapiga makofi, vijana wa grupu wakapiga mbinja. Nikachana nailoni ya kadi taratibu, kwa mbwembwe, nikaibusu. Makofi tena. Idi akarudia, "Waya shemeji." Nikaanza kugeuza kidude nikitafuta tundu la waya wa televisheni. Tundu nililiona moja tu, la chaji. Idi akakichukua, akakigeuza naye, akaniangalia. "Hii si mpaka uwe na kile kibao chake cha kuchomekea? Kinauzwa peke yake." Mimi mwaka mzima nimewaambia watu inaunganika na televisheni yoyote, kumbe kibao kimebaki dukani.

"Haina shida," nikasema (hilo neno nalo mtu akilitamka harusini akamatwe), "tutaangalia humuhumu." Basi ukumbi mzima ukasogea kuangalia kioo cha ukubwa wa kiganja. Watu wanapandiana migongoni, mzee mmoja, babu yake bi harusi, akapitishwa mbele kwa heshima, akainama, akauliza, "Wachezaji wenyewe wako wapi?" Nikamwambia, "Wanakuja babu, ndiyo inawaka." Nikachomeka kadi. Kioo kikafikiri kidogo, halafu kikaandika kwamba kwenye kadi kuna kipande tu cha gemu, kilichobaki kishushwe kwenye mtandao, pamoja na apdeti. Na lile faili lilikuwa kubwa, jamani, sijawahi kuona faili la namna ile, mimi ambaye nikishusha picha za mitindo ya nywele bando linalia.

Ningesema ukweli pale pale tungecheka yakaisha. Lakini Shabani alikuwa pembeni yangu, amevaa joho, jasho linamtoka, ananiambia kwa sauti ya chini, "Jumanne, usiniangushe mwanangu," na mimi nikaona niokoe jahazi. Nikatangaza, "Wenye bando naomba mtuwashie mtandao!" Watu wa Kilosa ni wakarimu, hawana neno, simu zikatoka kwenye mikoba ya akina mama, kwenye mifuko ya kanzu, mpaka dijei akanipa yake, na hapo hapo muziki ukakatika, maana nyimbo zote zilikuwa zinatoka kwenye simu hiyohiyo. Harusi nzima kimya, watu wanatazama kimstari kinajaa.

"Ngapi sasa?" wanauliza wa nyuma.

"Tatu!" wanajibu wa mbele.

"Goli tatu?"

"Asilimia tatu!"

Dereva akapiga honi. Kidude kikaanza kulia chaji inaisha (ile ya Mikumi mpaka Dar na kurudi, ndiyo hiyo), tukavuta waya kutoka ndani, tukakichomeka, sasa kinachajiwa na kushusha kwa pamoja, na lile joto la Kilosa mnalijua, kikapata moto mkononi mwangu mpaka nikawa nakihamisha huku na huku kama hindi lililotoka jikoni. Mama mmoja akanionea huruma, akaja na upepeo, ule aliokuwa anampepea bi harusi chumbani, akaanza kukipepea. Fikiria. Bi harusi yuko ndani anaungua na shela, upepeo wake unapepea gemu.

Kutoka ndani tukasikia sauti yake Zuhura, bi harusi mwenyewe, "Nyie! Mnanioa au mna-apdeti?"

Turubai zima likalipuka kwa kicheko, na mimi sikucheka, nilikuwa nakazana kuangalia kile kimstari, na ndipo kioo kikaandika kwamba kimezidi joto, kikazima. Puu. Nikabonyeza, nikapuliza, nikakipiga kidogo mgongoni, wapi. Honi ikalia tena, ndefu, na upepo wa mvua ukaanza kutikisa turubai. Yule babu akaniuliza kwa upole, "Wamekufa wote?"

Shangazi Tatu akapiga makofi kutuliza watu. "Sikilizeni! Mlango hautafunguka bure, watanicheka majirani. Mlango huu hapa ndiyo goli, na kipa ni mimi. Huyu mpambe si ndiye aliyekuja kutufunga? Aletewe mpira, apige moja. Akinifunga, wamchukue mtoto waondoke. Asiponifunga, mtoto analala hapa mpaka mchezo wao upone."

Mpira ukaletwa, wa kweli huo, wa ngozi iliyochubuka. Mimi tangu nimalize shule mpira naucheza kwa vidole gumba. Nikakunja kanzu nikaishika kwa mkono mmoja, nikarudi nyuma nikipishana na mabenchi, nikamwona Shangazi Tatu amefungua mikono, pembeni yake pamebaki upenyo mdogo wa kupita paka. Shabani amefumba macho. Nikasema bismillahi, nikakimbia, nikapiga.

Mpira ulijiviringisha polepole, kwa adabu, ukaenda kusimama miguuni kwa Shangazi, akainama akauokota. Lakini kubazi langu la kulia lilichomoka, likapaa juu ya bega lake, likaingia chumbani, tukasikia sahani inalia ndani na wanawake wanapiga kelele. Mimi nimebaki na mguu mmoja juu, kanzu imechanika mpaka gotini, nusu ya Kilosa inanitazama.

Basi ikawa bunge. Upande wetu wanapiga kelele, "Limeingia!" Upande wa Idi wanajibu, "Kimeingia kiatu, mpira huo hapo!" Shangazi Tatu kaukumbatia mpira, anasema, "Mimi nimedaka, kiatu si mpira, andaeni chumba cha wageni." Na alikuwa anasema kweli, nani angembishia? Matone ya mvua yakaanza kugonga turubai. Nikamtazama Shabani, na nawaambieni, sijawahi kujisikia mdogo vile, nilitamani niingie kwenye kile kidude nijizime humo. Nikamwambia, "Nisamehe kaka."

Pazia likasogezwa. Zuhura akatoka mwenyewe, shela kalikunja begani, mkono mmoja kashika kubazi langu likiwa na halua kwenye kisigino. Akamwangalia shangazi yake, akasema, "Shangazi, nakuheshimu kama mama. Lakini hiki kitu kimepita mlangoni, kimenikuta nilipokaa, na mume wangu yuko nje ananyeshewa. Mimi ndiye niliyekuwa golini kuliko nyote, na mimi nasema ni goli." Akamshika Shabani mkono.

Vigelegele vilivyopigwa pale, sijui kama mvua ilisikika. Shangazi Tatu akacheka mpaka akakaa chini, mpira mapajani, kisha akamnyang'anya Zuhura lile kubazi langu, akasema anabaki nalo kama faini ya kumvunjia sahani. Tukakimbilia Kosta, dereva akakanyaga mafuta, na mto tuliuvuka maji yakiwa yameshaanza kupanda, mwanamke mmoja anasoma dua kwa sauti. Mikumi niliingia nachechemea, mguu mmoja umevaa na mmoja peku, mama yake Shabani akamkumbatia mkwewe, akalia kwa furaha, halafu akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akaniambia, "Wewe nenda kaoge."

Lile faili lilikuja kumalizika kushuka baada ya siku nyingi, saluni kwangu, kwa mtandao wa kuungaunga. Mpira ni mzuri, sitasema uongo, ila jasho la refa sijaliona mpaka leo. Na mashine kubwa haitaachwa tena kitandani kwa ajili ya kanzu, wala kitu kipya sitakichana nailoni mbele za watu kabla sijakesha nacho peke yangu, hiyo nimeapa na Shabani ndiye shahidi. Sikukuu ya Idi nilimpigia simu Shangazi Tatu kumtakia heri, nikamwamkia, akaitika marahaba vizuri kabisa, akaniuliza habari za nyumbani, habari za kazi, nikadhani yamekwisha. Kisha akaniambia, "Nina binti mwingine huku, mwanangu, hajaolewa. Ukija kumposa, njoo na hela kama watu wengine."