Mbegu za Baba Edina

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyopanda gari pale Makambako kwenda Kichiwa kusema asante, huku hadithi ya kurasa kumi na mbili ikiwa mfukoni mwa koti langu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Mwili ulikuwa umekonda kwa ugonjwa, nikipanda hata kilima kidogo nahema, lakini kichwa kilikuwa kimevimba kweli kweli. Hadithi zangu mbili zilikuwa zimeshatoka kwenye gazeti la Dar es Salaam, na wauza chai wa stendi wakawa wananiita Mwandishi. Mtu akishaitwa hivyo mara tatu, masikio yake hayasikii vizuri tena. Usinicheke, na wewe utafika huko.

Miezi mitano kabla ya safari hiyo nilikuwa nimelazwa kwenye hospitali moja ya misheni. Ilianza kama mafua ya Juni, unaijua baridi yetu ya Juni, nikaipuuza. Ikawa nimonia, kisha maji yakajaa kwenye pafu, nikatobolewa ubavuni na kuwekewa mpira. Niliogopa sana. Nilikuwa najifunika blanketi mpaka kichwani ili wenzangu wa wodini wasinione nikilia. Kwetu ni Makete, na kwa wiki mbili nzima hakuna ndugu yangu aliyekuwa amepata habari. Nawe unajua mambo ya kulazwa: dawa utapewa na muuguzi, lakini uji unaletwa na mtu wako, na mimi mtu wangu hakuwapo.

Kitanda cha jirani alilala mkulima wa Kichiwa ambaye figo zilikuwa zimemchoka. Tulimwita Baba Edina, na mkewe Mama Edina, kwa jina la binti yao wa kwanza. Mama Edina alikuwa anapika kwenye banda la ndugu wa wagonjwa, nyuma ya wodi. Siku ya pili aliona kikombe changu kitupu, akaniuliza kwetu ni wapi, na kabla sijamaliza kujibu alikuwa ameshanimiminia. Tangu hapo akawa anakuja na vikombe viwili. Alinishika kisogo nikinywa. Alinifulia shuka pamoja na za mumewe. Sikumwomba hata mara moja, na nitakachokiri kwa aibu ni kwamba sikumshukuru hata mara moja pia. Mgonjwa anajiona yeye peke yake duniani.

Asubuhi moja, Mama Edina akiwa bandani anapika, mumewe alinigeukia. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo. Akaniambia maneno machache kwa Kibena, ambacho mimi nilikuwa nimekizoea kwa kukaa Makambako, kisha akafumba macho. Mama Edina aliporudi na vikombe vyake viwili, Baba Edina alikuwa ameshatutoka. Walimsafirisha siku ile ile, huku mimi nimefungwa na mpira wangu kitandani. Hata katika kilio chake mama yule alikumbuka kuniachia unga wa ulezi uliobaki.

Maneno ya Baba Edina nitakuambia, subiri kidogo. Kwanza nikuambie nilichomfanyia.

Niliporudi nyumbani nikiwa mzima, nilikaa mezani na kalamu, na kalamu ikakataa. Zile hadithi zangu za zamani za mabibi harusi na wachawi niliziona hazina kitu ndani. Wiki nne sikuandika chochote. Halafu siku moja, nikiwa nakoroga uji wangu, nikaviona vile vikombe viwili kama vile vinaingia mlangoni, na moyo ukajaa. Nikaacha sufuria, nikaandika siku nne mfululizo. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kuieleza: kumbe nilikuwa hai, na nilikuwa na la kusema.

Nilipofika kwenye kifo cha Baba Edina, niliandika maneno yake kama yalivyokuwa. Nikayasoma, nikaona hayana uzito. Nikayapiga mstari. Mahali pake nikamtungia mengine: "Mpenzi wangu, nakwenda kukusubiri mahali pasipo na baridi." Nililia mwenyewe nilipoyasoma, mwanangu. Hapo ndipo nilipopaswa kujua kuna kasoro.

Basi nikafika Kichiwa. Ilikuwa Novemba, mvua zimeanza, kila nyumba iko shambani inapanda viazi. Shamba la Mama Edina lilikuwa limepandwa nusu tu, nusu nyingine imelimwa na kuachwa tupu. Niliipita nusu ile nikifikiria jinsi nitakavyosoma.

"Kamwene, mama," nikamsalimu.

Aliitikia huku ameshanishika ubavu. "Pamefunga?" akauliza. "Unapumua vizuri?" Akaniketisha, akaniletea uji. Kikombe kilikuwa kile kile.

Nikatoa karatasi zangu nikasoma, na sauti nikaipamba. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Umeandika vizuri," alisema. "Ila huyo si Baba Edina. Miaka thelathini hajawahi kuniita mpenzi. Siku angeniita hivyo ningemwita daktari." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Wewe ulikuwa macho, mwanangu. Mimi nilikuwa kwenye moshi kule nje. Alisema nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwambia kwa sauti ndogo, kama mtoto aliyevunja chungu:

"Alisema, 'Mwambie mama mbegu za viazi nimezipandisha darini, nyumba ya zamani, nimezifunika majani. Ngazi imevunjika. Asikwee mwenyewe, aombe mtu.'"

Mama Edina alinisogelea. Halafu akauliza, "Alisema nisikwee mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

Akajifunika uso kwa khanga. Alipokuja kusema, alisema polepole. Mbegu alikuwa amezitafuta ghalani na kila mahali, asizione, akanunua za nusu shamba tu. Akahitimisha kwamba mumewe, kabla ya kuugua, alizibadilisha na pombe ya ulanzi kwa rafiki zake wa kilabuni. "Nimemsema," aliniambia. "Miezi mitano namsema, tena mbele ya watoto wake. Mtu mwenyewe amelala kaburini na mbegu zangu ameniwekea."

Hakunikemea, na mimi ningependa anikemee. Jambo lenyewe lilinichoma kuliko sindano zote za wodini. Mama yule alininywesha uji wake, nami nikakaa na neno la mumewe miezi mitano, tena nikalipiga mstari kwa sababu lilikuwa neno la viazi.

Nikamwambia, "Mama, mtu wa kuombwa ni mimi."

Tukaazima ngazi kwa jirani. Nilikwea nikihema, nikafunua majani makavu, na mbegu zilikuwa pale, zimenyauka kiasi, zimetoa machipukizi marefu meupe. Nilizishusha kidogo kidogo kwa kikapu. Alizichambua zote, akaweka kando zilizooza. "Nyingi zitaota," akasema. Mchana ule ule tukaingia kwenye nusu iliyobaki, yeye akichimba mashimo, mimi nikiweka mbegu na kufukia. Katikati ya tuta la tatu ndipo nilipokumbuka kilichonileta.

"Mama, asante kwa uji."

"Haya," alisema. "Fukia vizuri, usiache chipukizi nje."

Nilirudi Makambako na tope mpaka magotini. Hadithi niliiandika upya, na safari hii Baba Edina akasema alichosema. Katika yote niliyowahi kuandika, ndiyo pekee ambayo watu husimama njiani kuniuliza habari zake. Mama Edina naye ameshalala kando ya mumewe. Lakini kila msimu wa kuvuna, Edina hunitumia kiroba cha viazi vya mbegu ile, nami kila ninapovimenya huona haya kidogo, na hushukuru sana.

Kwa hiyo, mwanangu, nakuomba hivi. Ukiugua ukapona, usikimbilie kuwaandikia watu waliokushika mkono. Nenda kwanza ukawashukuru kwa mdomo wako, mapema, wakiwa bado wanakusikia. Ukipewa neno na mtu anayeondoka, lifikishe kama alivyolisema, hata kama ni la mbegu au la kuku. Usidhani upendo ni lazima useme vizuri ndipo uwe upendo. Na siku utakaposhika kalamu, au hiyo simu yenu mnayoandikia siku hizi, ukitaka kukata mstari ulio wa kawaida mno, jiulize kwanza ni nani anausubiri.

Mungu akulinde na baridi ya Juni. Akupe pumzi ndefu na mkono usiochoka kuandika. Na ikitokea siku umelala huwezi kunyanyua kikombe, basi akuletee mtu asiyekujua, aje na vikombe viwili.